Jina la Mwandishi katika Daftari la Kompyuta

Kazi haina kinywa cha kumtaja aliyeitenda. Jiwe lililopangwa vizuri ukutani halisemi jina la mwashi, wala nguo iliyokaa vyema mwilini haimtaji mshonaji. Kwa hiyo tangu zamani watu wamekuwa na desturi ya kutia alama katika kazi zao: mnakili wa kitabu aliandika jina lake na tarehe katika ukurasa wa mwisho, karani alitia sahihi chini ya hesabu zake, na mfua fedha alipiga chapa. Alama hiyo ina maana mbili. Kwanza ni dai la sifa. Pili ni ahadi ya kujibu. Mtu asemaye, "Hii ni kazi yangu," amekwisha kusema pia, "Lawama yake ni yangu." Insha hii inaeleza jinsi desturi hiyo ilivyoingia katika kazi changa ya kuandika programu za kompyuta, na jinsi ilivyofika mahali ambapo mtu mmoja, akiketi mbele ya mashine moja, ana majina mawili au zaidi, naye hana budi kuchagua kila siku ni lipi litiwe chini ya kazi ipi.

Mfano wake ni huu. Kijana mwandishi wa programu ameajiriwa na kampuni. Mchana huandika programu za mwajiri wake, na kwa kazi hiyo amepewa akaunti yenye anwani ya barua pepe ya kampuni. Usiku huandika programu zake mwenyewe, au husaidia kazi ya hiari inayotumiwa na watu wa nchi nyingi, na kwa kazi hiyo ana akaunti nyingine yenye jina alilojichagulia. Kompyuta ni moja, na vidole ni vilevile kumi. Mashine haijui kwamba jua limekuchwa na mtumishi amegeuka kuwa bwana wa nafsi yake. Asipoiambia, itatia jina la mchana chini ya kazi ya usiku, au jina la usiku chini ya kazi ya mchana. Kosa hili huonekana dogo, lakini ndani yake mna swali la mali ya nani, sifa ya nani na lawama ya nani. Ili tulielewe, yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka 60.

Mwanzoni mambo yalikuwa kinyume cha haya. Taabu haikuwa mtu mmoja mwenye majina mengi, bali watu wengi wenye mashine moja. Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiiona kama yake peke yake. Maadamu watu walikuwa wengi, ilibidi kila mmoja awe na sehemu yake ya kuweka mafaili na kiasi chake cha muda. Na ili mtu asiingie katika sehemu ya mwenzake, kila mmoja alikuwa na neno la siri. Basi kompyuta ikaanza kuuliza, "U nani wewe?" Haikukawia kudanganywa. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa shahada ya udaktari aliyeona saa alizopewa hazimtoshi, aliiagiza mashine ichapishe faili lenye maneno ya siri ya watu wote, kisha akaingia kwa majina ya wengine. Mashine ilimpokea bila kinyongo. Tangu siku zile likajulikana jambo ambalo historia yote iliyofuata ni maelezo yake: kompyuta haimjui mtu, inajua jina iliyoambiwa na siri iliyoonyeshwa.

Kujua nani ameingia ni jambo moja. Kukumbuka nani amefanya nini ni jingine. Mwaka 1972, huko Bell Labs, Marc Rochkind alianza kutengeneza SCCS, mfumo wa kutunza matoleo ya programu. Katika makala aliyoitoa mwaka 1975 alieleza kwamba mfumo huo huhifadhi matoleo yote ya kazi, na huandika nani amefanya kila badiliko, lini, wapi na kwa sababu gani. Hilo lilikuwa daftari la kweli, lenye tarehe, sababu na jina. Lakini jina lilitoka wapi? Mwandishi hakuulizwa. Katika kompyuta za Unix, ambamo SCCS ilienea, kila mtumiaji alikuwa na jina la kuingilia, na jina hilohilo ndilo lililotiwa daftarini. Aliyeingia na aliyeandika walihesabiwa kuwa mtu mmoja.

Mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue aliitangaza RCS, ambamo mtu aliyetaka kubadili faili alilifunga kwanza kwa kufuli, na wenzake wakangoja. Dick Grune, mwalimu katika Vrije Universiteit ya Amsterdam, aliionja taabu ya kungoja. Kati ya mwaka 1984 na 1985 alikuwa akiandika programu pamoja na wanafunzi wawili: mmoja alifanya kazi kwa saa za kawaida, wa pili hakuwa na saa maalumu, na mwalimu mwenyewe alipata nafasi jioni tu. Akatunga CVS, iliyowaruhusu watu kadhaa kulibadili faili moja bila kungojana, kisha kuyaunganisha waliyoyafanya. Akaitoa kwa umma mwaka 1986. Katika miaka iliyofuata CVS ikawawezesha watu wa mbali kuchangia hazina moja kwa njia ya mtandao. Hata hivyo hazina ilibaki mahali pamoja, na msimamizi wake ndiye aliyegawa majina. Ukitaka kuandika, uliomba akaunti. Ukipewa, jina lako lilikuwa lile aliloliandika yeye. Bawabu ndiye aliyekuwa pia karani wa daftari.

Mtandao ulipopanuka, mlango wenyewe uliingia mashakani. Neno la siri lilisafiri katika nyaya likiwa wazi, kama barua isiyo na bahasha, na aliyesimama njiani aliweza kulisoma. Mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo hicho, aliandika SSH. Moja ya njia zake za kumtambua mtu ni funguo mbili pacha. Ufunguo wa siri hautoki katika kompyuta ya mwenyewe. Ufunguo wa wazi hupelekwa kwenye seva. Anapobisha hodi, seva huweza kuhakikisha kwamba anao ule wa siri, bila siri yenyewe kusafiri. Badiliko hili lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana. Neno la siri hukaa kichwani mwa mtu, na mtu hujua analisema kwa nani. Ufunguo hukaa katika mashine, na mashine ndiyo inayoutoa kwa niaba yake. Siku mtu atakapokuwa na funguo mbili, mashine itahitaji kufundishwa ni upi wa mlango upi.

Kabla ya siku hiyo kufika, kazi ya Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 ilipata mafunzo mawili makali juu ya majina. La kwanza lilihusu haki. Machi 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM, na katika mabishano yale ikadai kwamba mali yake imetiwa ndani ya Linux. Swali likawa: nani aliandika mstari huu, na alikuwa na haki ya kuutoa? Mei 2004 Torvalds akatangaza utaratibu ambao kila mchangiaji hutia chini ya badiliko lake jina lake na anwani yake ya barua pepe, akithibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Aliyeajiriwa ilimpasa ajiulize: je, ninalotoa ni langu au ni la mwajiri wangu? Jina lilikuwa limepata uzito wa sheria.

Funzo la pili lilihusu udanganyifu. Tangu mwaka 2002 Torvalds alikuwa akitumia BitKeeper kutunza Linux, na nakala yake iliwekwa katika CVS kwa ajili ya wasioitaka BitKeeper. Novemba 2003 mtu asiyejulikana aliingia katika seva ya nakala hiyo, akatia mistari miwili ya programu chini ya jina la mwandishi mmoja wa Linux aliyeheshimiwa. Mistari ilifanana na ukaguzi wa kawaida, lakini mahali pa alama mbili za usawa palikuwa na moja, na kwa sababu hiyo mtumiaji yeyote aliyeijua hila angeweza kujipa mamlaka yote ya kompyuta. Badiliko hilo halikufika katika hazina kuu, maana walioisimamia waliona halina kumbukumbu yoyote katika BitKeeper. Jina lilikuwa la kweli. Mkono haukuwa wake.

Aprili 2005, ruhusa ya kuitumia BitKeeper bila malipo ilipoondolewa, Torvalds aliandika Git kwa siku chache, na tarehe 7 ya mwezi huo Git ikaanza kutunza historia yake yenyewe. Katika Git hakuna ulazima wa hazina moja yenye mlango mmoja. Kila mtu ana nakala nzima ya daftari, na huandika humo hata asipokuwa na mtandao. Basi pasipo bawabu, ni nani atakayelitaja jina la mwandishi? Jibu la Git ni: mwandishi mwenyewe. Katika kompyuta ya kila mtu mna faili dogo la maagizo. Humo huandika jina lake na anwani yake, na kila ingizo analolitia daftarini hubeba maneno hayo bila kuulizwa ushahidi. Zaidi ya hayo, Git humtenga aliyeandika badiliko na aliyelitia daftarini, kwa sababu mabadiliko ya Linux yalitumwa kwa barua pepe, na haikuwa haki aliyeyapokea kumnyang'anya mwenziwe sifa. Hapo ndipo vitu vitatu vilivyokuwa kimoja vilipotengana: mtumiaji wa kompyuta, jina la mwandishi, na ufunguo wa mlango. Ulikuwa uhuru mkubwa, na ndani ya uhuru huo ndimo taabu ya kijana wetu ilimozaliwa.

Tena daftari la Git halisahau. Tangu mwanzo kila ingizo lilipewa alama ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 40, inayokokotolewa kutokana na yote yaliyomo: kazi, tarehe, jina na anwani ya mwandishi, pamoja na alama ya ingizo lililotangulia. Ukilibadili jina katika ingizo moja la zamani, alama yake hubadilika, na alama za maingizo yote yaliyofuata hubadilika nayo. Watu wote wenye nakala watajikuta na historia isiyopatana na yako. Kwa hiyo anwani ya nyumbani iliyotiwa katika kazi ya hadhara, au jina la utani lililotiwa katika kazi ya kampuni, haliondoki ila kwa usumbufu wa watu wengi. Maji yakimwagika hayazoleki. Git ina orodha ya pembeni iitwayo mailmap, ambamo wenye hazina huweza kueleza kwamba anwani hii na ile ni za mtu mmoja; lakini hilo ni sahihisho la wakati wa kusoma tu, halifuti wino wa kwanza.

Mwaka 2008 GitHub ilifunguliwa kwa umma, na hazina nyingi zilizotawanyika zikakusanyika tena chini ya paa moja. Hapa pana jambo ambalo msomaji wa historia hawezi kulipita bila kusimama. Kila anayeingia GitHub kwa njia ya SSH hutumia jina moja la kuingilia, nalo ni "git". Jina la kuingilia, ambalo siku za SCCS lilikuwa kila kitu, sasa ni moja kwa mamilioni ya watu na halimtambulishi yeyote. Kinachomtambulisha mtu ni ufunguo peke yake. Ndiyo sababu GitHub haikubali ufunguo mmoja uwekwe katika akaunti mbili: ufunguo ukiwa na wenyewe wawili, mlango hautajua unampokea nani. Uzito wa jambo hili ulionekana Machi 2012, pale mtafiti mmoja wa usalama alipotumia kasoro ya tovuti kuuambatisha ufunguo wake katika akaunti ya watunzaji wa Ruby on Rails, akaweza kuandika katika hazina yao. Hakuvunja kufuli, alikuwa ameorodheshwa miongoni mwa wenye nyumba. GitHub iliiziba kasoro, kisha ikawataka watumiaji wakague funguo zao.

Sasa turudi kwa kijana wetu mwenye akaunti mbili. Ametengeneza funguo mbili kama ilivyompasa, lakini kompyuta yake, isipofundishwa, huzitoa moja baada ya nyingine, na seva hukubali ule wa kwanza inaoutambua. Anapeleka kazi ya kampuni. Kompyuta inatangulia kutoa ufunguo wa usiku. Seva inamkaribisha kwa jina la usiku, kisha inamwambia kwamba hazina anayoitafuta haipo. Hazina ipo. Ila jina aliloingia nalo halina ruhusa hata ya kujua kwamba ipo. Huo ndio msiba mwepesi, kwa sababu unapiga kelele. Msiba mzito ni ule wa kimya: ufunguo ni sahihi, mlango umefunguka, kazi imepokewa, lakini jina lililo ndani ya ingizo ni la akaunti nyingine. Hakuna anayelalamika siku hiyo. Huonekana baada ya miezi, pengine mtu anapoulizwa kwa nini kazi ya hiari imebeba anwani ya mwajiri.

Dawa ya mlango imo katika faili la maagizo la SSH. Mtu hutunga majina mawili ya seva, moja la kazini na moja la nyumbani. Yote mawili huelekea GitHub ileile, lakini kila moja limefungamanishwa na ufunguo wake, pamoja na sharti kwamba usitolewe ufunguo mwingine. Kisha anwani ya kila hazina huandikwa kwa jina linaloistahili. Dawa ya jina ilichelewa kuja. Kwa miaka mingi mtu aliandika jina moja la kutumika kote, akajitahidi kukumbuka kulibadili katika hazina zilizohitaji jingine. Na kumbukumbu ya mtu aliyechoka ni mlinzi anayesinzia. Hata pasipokuwa na jina lolote, Git ililibuni kutokana na jina la kuingilia na jina la kompyuta, masalia ya zama za Unix. Machi 2016 toleo 2.8 lilileta agizo la kuikataza kubuni, ili ikatae kuandika mpaka iambiwe. Mei 2017 toleo 2.13 lilileta sharti la includeIf, ambalo kwalo jina hufuata mahali: hazina zote zilizo ndani ya folda ya kazini huchukua jina la kazini, na zilizo katika folda ya nyumbani huchukua jina la nyumbani. Dawa zote mbili zina hekima moja, nayo ni ile ya mtu atundikaye kanzu ya Ijumaa katika msumari mmoja na nguo za shamba katika msumari mwingine, asije akakosea gizani.

Lakini dawa hizi humkinga mtu na usahaulifu wake tu. Hazimkingi na mwizi wa jina. GitHub hulihusisha ingizo na akaunti kwa anwani ya barua pepe iliyomo. Basi mwenye kuandika anwani ya mtu mwingine katika faili lake la maagizo hulifanya ingizo lake lionekane chini ya jina la mtu huyo, kama ilivyokuwa katika nakala ya Linux mwaka 2003. Kwa sababu hiyo Januari 2012 Git ilianza kuruhusu maingizo kutiwa sahihi ya siri isiyoweza kuigizwa, na Aprili 2016 GitHub ikaanza kuonyesha alama ya uthibitisho kando ya maingizo yenye sahihi hiyo. Novemba 2021 toleo 2.34 la Git likaruhusu sahihi itiwe kwa ufunguo wa SSH. Hivyo ufunguo uliokuwa wa mlango ukaweza kuwa pia muhuri wa kalamu. Vitu vilivyotengana mwaka 2005 vimeanza kukutanishwa tena, safari hii kwa ushahidi na kwa hiari ya mwandishi.

Msomaji aweza kuuliza: ya nini taabu yote hii? Si afadhali mtu awe na jina moja? Swali ni la haki, na kanuni za GitHub zenyewe humruhusu mtu mmoja akaunti moja tu ya bure. Anayeweza kutosheka na jina moja ameepuka mengi. Lakini wako waajiri wanaotaka kazi yao ifanywe katika akaunti wanayoisimamia wenyewe, na mtumishi akiondoka, akaunti hubaki kwao. Kijana aliyetia kazi zake za usiku chini ya jina hilo ataondoka ameacha nyuma ushahidi wa jasho lake. Wala majina mawili si unafiki. Mtu huitwa baba nyumbani na karani ofisini, naye si mwongo katika mahali popote. Unafiki ni kulifanya kwa jina moja jambo ambalo kwa jina jingine utalikana.

Mwaka 1962 mtu aliichezea mashine akapata saa alizozitaka kwa majina ya wenzake. Tangu hapo kufuli zimebadilika mara nyingi, na mashine imepewa njia bora za kuuliza, lakini haijajifunza kuona uso wa mtu. Inaandika inachoambiwa, na inachoandika hukaa. Kwa hiyo anayeweka akaunti mbili katika kompyuta moja hafanyi kazi ya fundi peke yake; anashika amana mbili. Na atenganishe folda zake, afungamanishe funguo zake na milango yake, aikataze mashine kubuni, kisha kabla ya kuipeleka kazi asome tena jina lililo chini yake. Kusoma huko ni kwa kitambo kifupi. Kazi itakapokuwa imekwenda mbali naye, mikononi mwa watu wasiomjua, jina hilo ndilo litakalojibu badala yake.